Mwisho Mpya wa Sinema ya Ndugu Wawili

Sinema ya ndugu wawili niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye uwanja wa mpira, jenereta ikinguruma nyuma yetu na shuka nyeupe imefungwa kwenye nguzo za goli. Ilikuwa sinema ya Kihindi. Hakuna aliyekuwa anaelewa maneno, na hakuna aliyekosa kuelewa kisa. Tajiri mmoja anachoma kijiji. Ndugu wawili wanakimbia na mama yao, wanakulia mjini, wanafanya kazi za kubeba mizigo, halafu siku moja wanarudi kwenye shamba la baba yao na kumkuta mtu mwenye masharubu makubwa analilima. Wanapigana naye. Wanamshinda. Kaka mkubwa anaingia nyumbani, anatoka na godoro la yule mtu, analitupa barabarani, na vumbi linapanda. Hapo uwanja mzima ulikuwa unasimama. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia kwa jambo lingine, alikuwa anajifuta macho na kofia yake.

Baba alizikwa hukohuko. Amani ilipokuja, mimi na mama tulirudi Burundi, na kama wengi waliorudi tulikuta shamba letu la Bukirasazi lina watu. Ilikuwa familia ya binamu yake baba. Hawakutufukuza, ila hawakutukaribisha ndani. Tulipewa maji ya kunywa tukiwa tumesimama. Mama akapeleka shauri kwa wanaohusika na mambo ya ardhi, na wakati tunasubiri tukapanga chumba Gitega mjini.

Gitega ndipo nilipopata kazi ya kutafsiri sinema. Mwenye ukumbi alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, Mwislamu, mtu wa makamo aliyezaliwa palepale Gitega, mwenye duka la vitambaa. Nyuma ya duka alikuwa na bohari, na ndani ya bohari aliweka mabenchi, mashine ya kuonyeshea sinema na mapazia mazito ya kuzuia jua la mchana. Nyumbani kwao walizungumza Kigujarati, lakini Kihindi alikijua sana, na mwenyewe alisema alifundishwa na sinema zenyewe. Kazi yetu ilikwenda hivi: yeye alikaa karibu na sikio langu akininong'oneza wanachosema, nami nikishika maikrofoni nikisema kwa Kiswahili, na pale watu walipozubaa nikachanganya Kirundi. Alinichagua mimi kwa sababu ya Kiswahili changu cha Tanzania. Alisema kinapita vizuri kwenye spika.

Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita binti. Tulifanya sinema nyingi pamoja, lakini ile ya ndugu wawili ndiyo iliyolisha ukumbi. Waliorudi waliijua kutoka kambini. Waliobaki waliijua kutoka miaka ya vita, walipokuwa wanaiangalia mchana milango imefungwa. Ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo pande zote mbili zilikuwa navyo sawasawa. Nilipokuwa natafsiri, nusu ya ukumbi ilikuwa inanitangulia.

Basi habari zikaja kwamba Wahindi wameitengeneza upya.

Aliyezileta ni mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, mfanyabiashara wa vitenge ambaye kila alipopita Bujumbura alituletea diski. Alifika dukani asubuhi, akaweka fungu lake la vitenge mezani, akachomoa bango lililokunjwa. Tuliliangalia sote watatu. Ndugu wawili walikuwa vijana wengine, mama yao alikuwa mzuri kupita kiasi, na yule mtu wa shambani hakuwa na masharubu.

"Masharubu iko wapi?" akauliza mama wa Uvira, kisha akajijibu kwa kicheko. "Bamenyoa! Batu batagombana, utaona."

Mzee akabandika bango mlangoni siku ileile, diski yenyewe ikiwa bado haijafika. Kwa wiki kadhaa mji haukuwa na mazungumzo mengine. Kwa vinyozi, kwenye vibanda vya brosheti, mishikaki ya kwetu, kwenye foleni ya maji, watu waligombana juu ya sinema ambayo hakuna aliyeiona. Wengine walisema hakuna wa kumfikia kaka mkubwa wa zamani. Wengine walisema ile ya kwanza picha zake zimechakaa, ni vizuri kuipata safi. Uvumi ukaja kwamba mwisho umebadilishwa, na hapo watu wakakasirika kweli. Mwanamume mmoja aliingia dukani, hakununua hata kitufe, akamwambia Mzee kwamba akionyesha kitu hicho hatakanyaga tena pale.

Mimi niliogopa. Mzee alifurahi.

"Mtu hawezi kukasirikia kitu asichokitaka," aliniambia. "Hao wote watakuja."

Mama wa Uvira alikubaliana naye. "Mi nakuambia, batu batakuya. Ata wale banaitukana, banataka kwanza bayione, juu batukane muzuri."

Diski ilipofika tuliiangalia kwanza sisi wawili, chumba cha nyuma, kwenye televisheni ndogo, ili tujiandae. Niseme wazi kwamba mwanzoni nami niliichukia. Ilikwenda taratibu. Nyimbo zilikuwa chache. Kisha wale ndugu wakarudi shambani, na yule mtu asiye na masharubu akatoka nje akiwa na jembe, na nyuma yake mke, na nyuma ya mke watoto. Hakuwa mtu wa tajiri. Alikuwa maskini aliyewekwa pale baada ya moto kwa sababu naye alikuwa amepoteza kwake. Pembeni ya shamba kulikuwa na kaburi la mtoto wake. Ndugu wale wakapigana naye, lakini kupigana kwenyewe kulikuwa kubaya, watu wanaanguka kwenye matope na kushindwa kuinuka. Mwishowe kaka mkubwa akaleta kamba. Akashika ncha moja, akampa yule mtu ncha nyingine, na wakalipima shamba pande mbili bila kusema neno. Halafu wakala pamoja, vibaya, kila mmoja akiangalia sahani yake.

Nilizima televisheni. Nilifikiri habari ya Bukirasazi, maji ya kunywa tukiwa tumesimama. Nilimkasirikia yule kaka kama ninavyomkasirikia mtu ninayemjua. Kesho yake nilimwomba Mzee tuirudie, na safari hii niliona mambo ambayo hasira haikuniachia kuyaona. Niliona jinsi yule mtu alivyoishika kamba kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kitu cha moto. Nilipotoka nje siku hiyo nilikuwa na hakika kwamba ile mpya ni bora kuliko ya zamani. Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mzee alikodi ukumbi mkubwa zaidi wa jirani kwa siku ya kwanza, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Watu walijaa hadi wakakaa sakafuni. Walikuja na midomo tayari. Yule asiye na masharubu alipotokea walipiga kelele, "Rudisha masharubu!" na ukumbi ukacheka hata nami nikacheka kwenye maikrofoni. Walimcheka mama mzuri. Walizilaani nyimbo. Lakini walikuwa wanaangalia, na nilianza kupata matumaini.

Kamba ilipotokea, kicheko kiliisha. Nilisema maneno yaliyokuwepo, nayo yalikuwa machache. Mzee alinong'ona, nami nikatamka, "Shika hapo. Vuta." Basi. Watu walikaa kimya, nikadhani imewagusa. Kisha mtu akagonga benchi kwa kiganja. Akafuata mwingine, wakafuata wote, mabenchi yakalia kama mvua juu ya mabati, na miluzi juu yake. Mama mmoja wa safu ya mbele alinigeukia mimi, siyo picha, akaniuliza kwa Kirundi kama ndiyo hivyo tu, kama godoro halitupwi. Nikamwambia halitupwi. Akafunga kitenge chake vizuri akatoka.

Jumapili iliyofuata walikuja nusu. Iliyofuata tena, mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu na waliokuja walikuwa wanafunzi waliotaka kucheka masharubu. Mzee alikuwa anasimama mlangoni, mikono nyuma, akiangalia barabara.

Nilimwambia, "Mzee, tuwape muda. Wakiiona mara ya pili wataiona vingine."

"Mara ya pili nani anarudi, binti? Mtu hula mara ya pili kilichompendeza mara ya kwanza."

Ndipo akapata wazo la Muyinga. Alikuwa na jamaa mwenye duka huko, karibu na soko, na nyuma yake ukumbi. Muyinga kulikuwa na watu wengi zaidi waliorudi kutoka Tanzania kuliko kwetu, na ile sinema ya zamani waliipenda hata zaidi. Bango lilitangulia. Sisi tukafuata kwa gari la kubeba mizigo, mashine imefungwa kwa mablanketi nyuma, mimi na Mzee mbele na dereva.

Njiani akasema, akiangalia dirishani, "Wale hawajui Kihindi."

"Hawajui," nikasema.

"Wewe ukisema kitu, ndicho kilichosemwa."

Nilielewa alikokuwa anakwenda. Nikamwuliza na kamba nitaifanya nini, maana watu wana macho.

"Sema wanapima ili yule mtu ajue ukubwa wa kitu anachokiacha. Halafu pale wanapokula, sema anaagwa. Kesho anaondoka. Nani atakataa? Wote watakwenda nyumbani na furaha."

Dereva, ambaye nilidhani hasikilizi, alicheka akasema hilo ni wazo zuri.

Nilimwambia Mzee siwezi. Sikusema kwa ushujaa wowote, nilisema kwa uchovu. Nilikuwa nimeielewa ile sinema kwa shida, kwa kuumia, na sasa aniambie niivunje kwa mdomo wangu mwenyewe? Nilimwambia akitaka hivyo ashike maikrofoni yeye. Akasema Kiswahili chake ni cha dukani.

Muyinga watu walikuja kutoka mbali. Wengine walitoka Buhinyuza kwa miguu, wengine Giteranyi kwa baiskeli, na baiskeli zilisimamishwa ukutani zikiegemeana hadi hungeweza kutoa moja bila kuangusha zote. Ilikuwa mchana, joto ndani limeshapanda. Nilianza kutafsiri, na mwanzoni ilikwenda vizuri kuliko Gitega. Hawa walikuwa hawachekicheki. Wale ndugu walipovuka mto na mama yao, nilisikia wanawake wakivuta pumzi gizani. Nikafikiri, hapa wataelewa.

Mtu wa shambani akatoka na jembe lake. Watoto wakatoka. Nikatafsiri maneno yake: "Mimi niliwekwa hapa. Kwangu pia kuliungua."

Mwanamume mmoja akasimama katikati ya ukumbi, kivuli chake kikaziba nusu ya picha. "Haiko inasema ivyo!" akapaza sauti. "Iyo ni we dada unasema!"

Nikaendelea. Kamba ikatokea. Wakasimama wengine.

"Ametumwa huyu!" sauti nyingine ikasema. "Katumwa na batu ba mambo ya mashamba, baje batuambie tugawane!"

Neno hilo liliuwasha ukumbi. Wakati ule kila nyumba Muyinga ilikuwa na shauri la shamba, na kila mtu alikuwa amesikia kwamba wakubwa wanataka watu wakubali nusu. Sasa ilionekana wazi kwao: sinema ile ile waliyoijua tangu kambini, na msichana mwenye maikrofoni anayeigeuza. Mtu akazima spika. Picha ikaendelea bila sauti, wale wanaume wawili wakivuta kamba yao. Nikapiga kelele kwamba natafsiri kinachosemwa, kwamba mimi mwenyewe shamba letu Bukirasazi lina watu, kwamba hakuna aliyenituma. Nadhani hawakusikia hata theluthi.

Yule wa kwanza akamnyooshea Mzee kidole, akimwita patro, yaani bosi. "Muulizeni Mhindi! Yeye anajua lugha yao. Patro, ni kweli binasemwa ivyo?"

Ukumbi ukatulia. Wote waligeuka. Nami nikageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilipumua, kwa kuwa yeye peke yake ukumbini humo ndiye aliyekuwa anajua. Neno moja lilitosha.

Mzee aliinua mikono. "Mimi ni mwenye mashine tu," akasema. "Kihindi changu ni kidogo."

Alikuwa ameninong'oneza kila neno.

Hakuniangalia. Aliinama, akafungua mfuko wake, akatoa diski nyingine. Alikuja nayo ile ya zamani. Aliitia ndani ya mashine, na ule muziki wa mwanzo ulipolia watu wakapiga makofi, wakakaa, wakasogezeana nafasi, hata yule wa kwanza akaketi akawa anatabasamu. Mzee akanisukumia maikrofoni. Niliiweka sakafuni. Haikuhitajika. Ukumbi wote ulikuwa unayasema maneno, tafsiri zangu mwenyewe, nyingine nilizozitunga mimi Gitega zikaletwa huku na sijui nani. Nilitoka kabla godoro halijatupwa, lakini nilisikia nje walipofika hapo.

Nje, karibu na baiskeli, alikuwa amesimama mwanamke mmoja wa umri wa mama yangu. Aliniambia ametoka Giteranyi, ameketi nyuma ya baiskeli ya mwanawe tangu asubuhi. Nilijiandaa kutukanwa.

"Iliishaje?" akauliza. "Ile mpya. Wamenikatia."

Nikamwambia kwamba walilipima shamba, wakaligawa pande mbili, wakala pamoja.

Akafikiri. "Upande wa maji alipata nani?"

Nilijaribu kukumbuka. Kulikuwa na kisima kwenye sinema, nakumbuka mke wa yule mtu akichota. Lakini kamba ilipita wapi sikujua. Haikuonyeshwa. Nikamwambia sinema haisemi.

"Basi hawakumaliza," akasema, akiwa amesikitika kweli, kama mtu aliyekuja hospitali akaambiwa daktari hayupo. "Sisi shida yetu ni hapo. Kugawana tungegawana. Shida ni upande wa maji."

Nilitaka kumweleza habari ya mikono ya yule mtu kwenye kamba. Sikuweza. Lile swali lake lilikuwa bora kuliko lolote nililokuwa nalo, na hakuna wa kuniletea jibu.

Tulirudi Gitega siku hiyohiyo. Tulipovuka mto Ruvubu nilishindwa kuvumilia.

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Ningesema nini?"

"Kweli. Kwamba nilisema kama ulivyoniambia."

Aliangalia mikono yake. "Mimi baba yangu alizaliwa Gitega, nami nimezaliwa Gitega, na leo nimeitwa Mhindi mbele ya watu wote, hakuna aliyeona ajabu. Wewe ulikulia Tanzania. Unafikiri wangetuamini sisi? Wangesema wote wawili tumetumwa. Halafu mashine yangu ingekuwa wapi sasa?"

"Mashine," nikasema.

"Ndiyo, mashine. Na wewe pia ungekuwa wapi?"

Swali lake hilo la mwisho ndilo lililoniudhi zaidi. Hata leo nikilifikiri namkasirikia, kisha naona uso wake pale ukumbini, jasho limemtoka juu ya mdomo, nami sijui ningefanya nini katika nafasi yake. Lakini najua nilichotaka afanye.

Ile mpya haikuonyeshwa tena. Mama wa Uvira alipopita, Mzee akampa diski aende nayo kwao, kama atapata wa kuichukua. Baada ya muda yule mama akapiga simu dukani, nami nikaisikia sauti yake hata kabla sijapewa simu.

"Mama yangu! Huku banaipenda! Batu banalia, banarudia, ukumbi haitoshi! We unasema iko mubaya?"

"Sikusema ni mbaya," nikamwambia. "Mimi sikuwahi kusema ni mbaya."

"Basi nani alisema?"

Niliendelea kutafsiri miezi michache, hasa ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo watu walitaka na mama alihitaji kodi ya chumba. Mama yangu mwenyewe alikuja mara moja, akakaa mbele, akaimba zile nyimbo zote. Godoro lilipotupwa alipiga kigelegele. Nilipomsimulia mwisho mpya nyumbani, alinisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akaniambia nisimsimulie tena. Shauri letu la Bukirasazi lilikuwa bado limelala kwa wakubwa.

Baadaye nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili shuleni, na Mzee akapata mtafsiri mwingine, mwanamume mwenye sauti nzito ambaye huongeza matusi na utani wake, na watu wanampenda. Tunasalimiana vizuri. Siku ya Idi hututumia chakula.

Mwaka jana, sokoni Gitega, muuza nyanya mmoja alinitazama sana wakati ananipimia. "Ni weye uliharibu ile sinema ya ndugu wawili," akasema.

Nikamwambia siyo mimi, walioitengeneza ndio walioiweka vile. Nilisema neno kwa neno.

"Ego, ndiyo, najua," akasema, akifunga mfuko. "Mume wangu alinambia. Lakini ni weye ulikuwa na maikrofoni."

Nilichukua nyanya zangu. Mtu wa nyuma yangu alikuwa anasubiri zamu yake.